Mtoto Aliyechelewa Kusoma: Njia Zipi Zinafaa, na Zinamfaa Nani

Mzazi anayemwona mtoto wake wa miaka sita au saba akikwama mbele ya neno la silabi mbili, ilhali wenzake wanasoma sentensi nzima, hupokea ushauri wa kila aina. Bibi atasema mtoto aachwe kwanza, kwa sababu hata baba yake alichelewa. Mwalimu wa darasa atataka akazaniwe silabi. Jirani atapendekeza masomo ya ziada, na mjomba atatuma programu ya simu yenye katuni na nyimbo. Kila mmoja ana hoja yake, na kosa linalotokea mara nyingi ni kufuata ushauri wote kwa pamoja, juma hili kadi na juma lijalo programu, hadi mtoto anachanganyikiwa na kuanza kuamini kwamba kasoro ni yeye mwenyewe. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi anayetaka kuchagua. Sitazipa njia zote uzito sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

Kabla ya kuchagua, tafuta anapokwamia

Kuchelewa kusoma ni jina moja linalofunika matatizo kadhaa yasiyofanana, na njia iliyomfaa mtoto mmoja inaweza kumpotezea mwingine mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kitabu wala fedha. Inahitaji karatasi tupu, kalamu na robo saa ya utulivu wakati mtoto hajachoka.

Bila kuandika chochote, mwombe ataje sauti inayoanza neno "meza". Kisha mtamkie "so" na "ma", ukiziachanisha kidogo, na umwombe aziunganishe; mwombe pia aseme "kata" akiacha "ka". Baada ya hapo andika herufi kumi zilizovurugwa, zisiwe katika mpangilio wa alfabeti, na umuulize kila moja inatoa sauti gani. Kisha mwandikie maneno ambayo hayamo katika lugha, kama vile "teki", "lufo", "mipa" na "gobu". Maneno haya ya kubuni hufichua mengi kuliko kipimo kingine chochote cha nyumbani, kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kuyakariri. Mwisho mpe sentensi fupi isiyo na picha, na akimaliza umuulize imesema nini.

Niliwahi kumfundisha mtoto aliyesoma "Baba anapanda" bila kusita, kidole kikitembea chini ya maneno, kwenye ukurasa wenye picha ya mtu aliye juu ya ngazi. Nilipoandika "Baba anapanga" kwenye karatasi tupu, alisema "Baba ana..." kisha akainua macho na kuanza kuitafuta picha pembeni mwa karatasi. Picha haikuwapo, naye akamalizia kwa sauti ndogo, "anapanda". Kwa muda wa miezi mingi watu wazima waliokuwa wakimsikiliza walidhani anasoma. Alikuwa akitazama picha, akikumbuka mwanzo wa sentensi na kubahatisha mwisho wake, na alikuwa hodari sana katika kazi hiyo.

Majibu ya robo saa hiyo yataonyesha iwapo mtoto hajaweza kuzitenganisha sauti kwa masikio, au hazijui herufi, au anazijua lakini haziunganishi, au anasoma kwa usahihi ila polepole mno, au anasoma vizuri tu lakini haelewi. Ulinganisho wote unaofuata unategemea jibu hilo.

Kusubiri au kuanza sasa

Hoja ya kusubiri haina upuuzi ndani yake. Watoto hawakui kwa kasi moja, na wengi huanza kuunganisha herufi wakati wowote kati ya miaka 5 na 7. Wanaoipenda hoja hii hutaja Ufini, ambako shule ya msingi huanza katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, na bado watoto wa huko husoma vizuri. Kinachosahaulika ni kwamba mtoto wa Kifini hakai bure kabla ya umri huo. Mwaka wa maandalizi kabla ya darasa la kwanza ni wa lazima kwa sheria tangu 2015, na michezo ya sauti na herufi ni sehemu yake. Isitoshe, Kifini huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, jambo linalompunguzia mtoto kazi.

Upande wa pili una ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Connie Juel, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 54 tangu darasa la kwanza hadi la nne. Mtoto aliyemaliza darasa la kwanza akiwa msomaji dhaifu alikuwa na uwezekano wa 0.88, yaani asilimia 88, wa kuwa bado dhaifu mwishoni mwa darasa la nne. Kundi hilo lilikuwa dogo na lilisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo tarakimu yenyewe haifai kubebwa kama ilivyo na kupachikwa kwingine, lakini sababu yake inaeleweka popote. Mtoto asiyesoma vizuri husoma kidogo, na kwa kuwa anasoma kidogo hakutani na maneno mapya, hivyo pengo kati yake na wenzake hukua lenyewe bila mtu kulisukuma.

Tofauti ninayoweka mimi ni ya umri na ya dalili. Mtoto wa miaka minne au mitano ambaye hapendi kitabu lakini hucheza na vina, huuliza majina ya herufi na huongea sana anaweza kusubiriwa huku akisomewa hadithi. Mtoto aliyetimiza miaka sita na nusu, aliyefundishwa darasani kwa miezi kadhaa na ambaye bado haunganishi "m" na "a", hafai kusubiriwa hata muhula mmoja. Kuhusu ile faraja ya "hata baba yake alichelewa", inapasa isikike kinyume na inavyosemwa. Ugumu wa kusoma hurithiwa katika familia, na taarifa hiyo ni sababu ya kuanza mapema zaidi. Gharama ya kuanza bila haja ni dakika kumi na tano za mchezo kila siku, na gharama ya kusubiri bila haja ni kubwa mno kulinganishwa na hiyo.

Silabi, sauti au neno zima

Hapa ndipo mabishano yalipo, na ndipo uchaguzi unapobadilisha mambo zaidi. Njia tatu hushindana. Ya kwanza humfundisha mtoto silabi kwa mfululizo, yaani ba, be, bi, bo, bu. Ya pili humfundisha sauti ya kila herufi na namna ya kuziunganisha. Ya tatu humwonyesha neno zima kwenye kadi hadi alitambue kwa umbo lake.

Neno zima ndilo linalotoa matunda ya haraka. Katika juma moja mtoto anaweza kutambua jina lake, "mama", "baba" na "paka", na furaha hiyo si kitu cha kudharau kwa mtoto ambaye amezoea kushindwa. Lakini katika Kiswahili njia hii inagonga ukuta mapema kuliko katika lugha nyingine nyingi, kwa sababu neno letu halikai katika umbo moja. Mtoto aliyekariri umbo la "soma" hatapata msaada wowote atakapokutana na "anasoma", "tutasoma", "hawakusoma", "isomwe", "msomaji" na "wanaposomeshwa". Kila moja ni picha mpya kwa anayesoma kwa picha. Anayeijua njia ya kuunganisha sauti hukutana na neno refu tu, si neno geni. Kadi za maneno mazima zibaki kuwa kionjo cha siku za mwanzo, na zisizidi kadi chache.

Silabi ndiyo njia ambayo wengi wetu tulifundishwa, na ina mantiki kubwa katika lugha ambayo karibu kila silabi huishia kwa irabu. Mtoto akiijua "ka" na "ta" ameshalipata "kata" bila jasho. Udhaifu wake uko katika namna inavyofundishwa. Mfululizo ule huimbwa, na wimbo hukaririwa. Mfanyie mtoto jaribio hili: baada ya kuimba ba, be, bi, bo, bu bila kosa, mwonyeshe "bo" peke yake katikati ya ukurasa. Watoto wengi waliokwama huanza upya kutoka "ba", wakipanda ngazi kwa kunong'ona hadi wanaifikia "bo". Mtoto wa namna hiyo anajua wimbo, na macho yake bado hayajaigusa herufi. Tatizo la pili ni wingi. Konsonanti zaidi ya ishirini zikizidishwa kwa irabu tano huzaa silabi zaidi ya mia moja, kabla hatujafika kwenye mba, nda, nya, kwa, mwa na ndugu zao. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hubeba mzigo huo, lakini mtoto aliyechelewa mara nyingi ndiye asiyeubeba.

Njia ya sauti hupunguza mzigo. Akizijua irabu tano pamoja na m, t, k, s na l, yaani herufi kumi tu, mtoto anaweza kusoma taa, kiti, lima, soma, sita, tisa, kalamu na sikio, na ataweza kuyasoma hata kama hajawahi kuyaona. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilipitia tafiti nyingi na kuona kwamba ufundishaji wa sauti na herufi uliopangwa hatua kwa hatua unawasaidia watoto kuliko ufundishaji usio na mpango huo, na kwamba faida huwa kubwa zaidi ukianza mapema. Njia hii nayo ina mtego wake. Sauti ya "k" haitamkiki vizuri ikiwa peke yake, na mtu mzima asiyejua husema "ka-a-ta-a", kisha anashangaa mtoto anapojibu "kaataa". Afadhali kidogo hata hiyo kuliko kutumia majina ya herufi. Anayefundishwa kusema "ke, a, te, a" anapewa vipande ambavyo haviwezi kuzaa "kata" hata akiviunganisha kwa bidii ya namna gani.

Uamuzi wangu baada ya kuzitumia zote ni kwamba sauti zitumike kuijenga silabi, na silabi itumike kulijenga neno. Anza na konsonanti zinazoweza kuvutwa, kama m, s, l, n na f. Weka kidole chini ya "m" na uivute, "mmmm", kisha utelezeshe kidole hadi kwenye "a" bila kukata pumzi, "mmmaaa", halafu useme haraka, "ma". Badilisha irabu tu: mi, mo, mu. Kisha badilisha konsonanti na uiache irabu, ma, sa, la, na, fa, kwa sababu mfululizo wa kawaida haumlazimishi mtoto kuitazama konsonanti hata siku moja. Zile zinazokatika ghafla, k, t, p, b, d, zije baadaye, wakati mtoto ameshaelewa mchezo wenyewe. Silabi zikishakuwa nyepesi machoni, acha kuzivunja na umwache asome neno kwa silabi.

Kwa mtoto ambaye hata masikio yake hayajazitenganisha sauti, ahirisha herufi kidogo. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Daniil Elkonin alitumia visanduku vilivyochorwa kwenye karatasi, ambapo mtoto husukuma kitufe au kijiwe kimoja ndani ya kisanduku kwa kila sauti anayoisikia katika neno. Kwa "taa" na "saa" vijiwe vitatu vinatosha. Majuma mawili ya mchezo huu, dakika tano kwa siku, hufanya herufi zipate mahali pa kukaa.

Kuna maneno yatakayomsumbua mtoto hata baada ya hapo, na ni vyema mzazi ayajue ili asidhani kwamba kila kitu kimeharibika. "Nyumba" husomwa "ni-yu-mu-ba" na mtoto anayeheshimu kila herufi. "Ngoma" na "ng'ombe" hutenganishwa na alama ndogo ambayo macho machanga hayaioni. "Mtu" ina "m" inayojitegemea kama silabi kamili. Neno "mbuni" husomwa mbu-ni likiwa ndege na m-bu-ni likiwa mtu anayebuni, na hata mtu mzima hulitambua kwa muktadha tu. Makosa ya aina hii ni ya mtoto anayesoma kweli, na hayafanani na yale ya anayebahatisha.

Nani akae naye: mzazi, mwalimu wa ziada au programu

Mzazi ana faida moja ambayo hakuna mwingine aliye nayo, nayo ni kila siku. Dakika kumi hadi kumi na tano kwa siku tano humfaa mtoto kuliko saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu kinachorudiwa baada ya mapumziko mafupi hukaa kichwani kuliko kinachorundikwa. Ubaya wa mzazi ni uchungu wake mwenyewe. Sauti ikishapanda, mtoto huacha kuitazama herufi na kuanza kuutazama uso wa mzazi ili ajue kama amepatia. Mimi mwenyewe nilimfundisha mtoto wangu wa pili kwa namna hiyo kwa miezi miwili, na kazi ikaendelea pale tu nilipomwachia shangazi yake kiti changu. Mzazi anayejijua kuwa na hasira za karibu hatendi kosa akimpa mtu mwingine kazi hii, hata kaka au dada wa miaka kumi na miwili mwenye subira.

Mwalimu wa masomo ya ziada anastahili kutafutwa pale ambapo njia ya nyumbani imejaribiwa kwa uaminifu bila mafanikio, au pale ambapo mzazi hana muda. Hapa tofauti ya bei haisemi mengi kuhusu ubora. Mwulize maswali mawili tu: atajuaje mtoto amekwama wapi, na juma la kwanza atafundisha nini. Akijibu kwamba atampitisha katika kitabu cha darasa kwa kasi ndogo zaidi, hakuna jipya. Mtoto aliyeshindwa kufuata somo fulani mara moja hanufaiki sana kwa kulipewa lilelile tena, akiwa amechoka, baada ya saa za shule. Kundi la watoto watatu wenye tatizo moja ni bora kuliko kundi la kumi na wawili, na mara nyingi halizidiwi sana na somo la mtoto mmoja.

Programu za simu na tabuleti zina subira isiyokwisha, hutoa sauti safi ya kila herufi na hazimkasirikii mtoto. Kwa kazi moja, yaani kulinganisha sauti na herufi mara mamia, zinafaa kweli. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu GraphoGame, mchezo wa kusoma uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini, ulionyesha kwamba kwa jumla haukuinua usomaji wa maneno, isipokuwa pale ambapo mtu mzima alishiriki kwa karibu. Kwa maneno mengine, simu iliyokabidhiwa mtoto ili mzazi apumzike haifundishi kusoma. Kabla ya kuchagua programu, icheze mwenyewe kwa dakika tano ukiwa umeziba sauti. Ikiwa unaweza kushinda kwa kubonyeza picha bila kusoma herufi hata moja, mtoto ameshaligundua hilo kabla yako.

Kumsomea au kumsikiliza akisoma

Hizi hushindanishwa bila sababu, kwa kuwa hazifanyi kazi moja. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili yanayozidishana, yaani uwezo wa kuyatamka maandishi na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, na kimoja kikiwa sifuri basi jibu ni sifuri. Kumsomea mtoto hujenga lugha, msamiati na hamu, lakini hakumfundishi kuunganisha herufi hata akisomewa kila usiku kwa miaka mitatu. Kumsikiliza akisoma hujenga utamkaji.

Kwa mtoto anayesoma kwa usahihi lakini kwa kujikokota, ipo njia ya tatu ambayo haitumiki vya kutosha, nayo ni kurudia. Achague aya fupi, msome pamoja kwa sauti mara moja, kisha aisome peke yake mara tatu au nne katika siku mbili. Mara ya nne husikika kama mtu mwingine, na mtoto mwenyewe huisikia tofauti. Lawama ya kawaida ni kwamba "ameshaikariri". Ndiyo, kwa kiasi fulani, lakini macho yake yamepita juu ya maneno yaleyale mara nne huku mdomo ukitamka kwa kasi ya maongezi, na mafunzo yenyewe ndiyo hayo. Anayehitaji uhakika ampe maneno ya aya ileile katika sentensi mpya.

Kwa yule anayesoma vizuri bila kuelewa, acha kazi ya herufi kabisa. Msomee, simameni katikati ya hadithi, na umuulize anadhani nini kitafuata na kwa nini.

Kusoma kwa lugha gani kwanza

Mtoto anayezungumza lugha moja nyumbani na kufundishwa kwa nyingine huonekana amechelewa hata pale ambapo hajachelewa. Akilisoma neno kwa usahihi, hapati ile furaha ya kulitambua, kwa sababu halimo kichwani mwake. Tangu 1953 UNESCO imekuwa ikipendekeza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama, na kwa kusoma hoja hiyo ina nguvu ya pekee, kwani ujuzi wa kuunganisha sauti hujifunzwa mara moja na huhamishwa kwenda lugha nyingine.

Kama uchaguzi ni kati ya Kiswahili na Kiingereza kwa mtoto anayezijua zote mbili, anza na Kiswahili bila kusita. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine wa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wanaosoma kwa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Waliosoma kwa Kifini, Kigiriki, Kiitalia na Kihispania, lugha zinazoandikwa jinsi zinavyotamkwa, walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, na waliosoma kwa Kiingereza walifikia karibu asilimia 34. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini maandishi yake yamo katika kundi la kwanza bila shaka yoyote. Hilo lina maana nyingine ambayo walimu wengi huipita. Katika lugha ya namna hii mtoto mwenye tatizo la kudumu huja kusoma kwa usahihi mapema au baadaye, na tatizo lake hujionyesha katika kasi. Mzazi anayesubiri kuona makosa anaweza kumkosa mtoto ambaye hakosei kitu ila anatumia dakika tatu kwa sentensi mbili.

Masikio, macho na vitu vinavyouzwa

Kipimo cha usikivu kitangulie yote haya, hasa kwa mtoto anayeugua masikio mara kwa mara, kwa sababu asiyesikia tofauti ya "p" na "b" hawezi kuiandika. Macho nayo yapimwe, ili kuondoa shaka. Kuandika "b" badala ya "d" ni kawaida hadi karibu miaka 7 na hakuthibitishi ugonjwa wa macho wala disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma. Miwani ya rangi na plastiki za rangi zinazowekwa juu ya ukurasa, pamoja na mazoezi ya macho yanayouzwa kwa ahadi ya kuponya usomaji, hayana ushahidi wa kutosha; madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja kuhusu hilo mwaka 2009. Fedha hizo zinunue vitabu vyepesi, vingi, hata vya mitumba.

Muda wa kuipa njia uliyochagua

Njia yoyote ipewe majuma manane bila kuchanganywa na nyingine. Siku ya kwanza mrekodi mtoto kwa simu akisoma maneno kumi ya kubuni na sentensi tatu, na urekodi tena kila baada ya majuma mawili kwa maneno mengine ya ugumu uleule, bila kumsahihisha wakati wa kurekodi. Usimwambie ni mtihani. Maendeleo ya mtoto aliyechelewa ni madogo kwa siku kiasi kwamba anayeishi naye hayaoni, na rekodi huyaonyesha: mara ya kwanza alibahatisha, mara ya pili alikaa kimya mbele ya neno, mara ya tatu alinong'ona sauti moja moja. Ule ukimya wa mara ya pili huwatisha wazazi wengi, ilhali ni mtoto aliyeacha kubahatisha na kuanza kutazama. Majuma manane yakipita na maneno ya kubuni yakawa bado yanamshinda licha ya kazi ya kila siku, mpelekeni kwa mtaalamu wa elimu maalumu au wa matamshi na lugha, na mwende na rekodi zote. Atauliza mtoto alianzia wapi na amejaribiwa kwa njia gani, na sekunde arobaini za sauti ya mtoto mwenyewe zitamjibu vizuri kuliko maelezo ya nusu saa.